Mtoto Huyu Ni wa Nani?

Leo tuseme juu ya jambo linaloumiza nyumba kimyakimya. Mume amelea mtoto, amelipa karo, amekesha naye akiugua, kisha anapata habari kwamba si damu yake. Je, aweza kudai kortini fidia ya moyo uliovunjika?

Swali hili limefika mbele ya majaji. Kule Australia mume mmoja alitengana na mkewe mwaka 1992. Mwaka 2000 kipimo cha DNA kilionyesha kwamba wawili kati ya watoto watatu si wake. Akamshtaki mama yao kwa udanganyifu, na mwaka 2002 jaji akampa dola 70,000. Lakini korti ya rufani ilitangua hukumu hiyo mwaka 2005, na mwaka 2006 korti ya juu kabisa ikamkatalia pia. Maumivu yake hayakukanwa. Kilichokosekana ni ithibati kwamba yalitokana na neno la uongo ambalo yeye alilitegemea. Kunyamaza tu juu ya uzinzi hakukutosha.

Huko Uingereza, mwaka 2007, mwanamume aliyekuwa ameambiwa waziwazi kwamba mtoto ni wake alipewa pauni 7,500 kwa uchungu wa moyo. Hata hivyo, hakurudishiwa gharama za malezi.

Nasi Kenya, Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 118, humhesabu mtoto aliyezaliwa ndani ya ndoa kuwa wa mume, isipokuwa ithibitishwe kwamba mume na mke hawakuwa na nafasi ya kukutana wakati mimba ilipoweza kutungwa. Sheria humkinga mtoto kwanza.

Basi, ndugu, twaona mipaka ya korti. Yaweza kupima hasara. Haiwezi kurudisha imani iliyovunjwa. Wewe uliyeficha, mwambie mwenzako ukweli mapema, faraghani, mbele ya mchungaji au mzee mwenye busara, wala si katika ugomvi wala matangani. Nawe uliyedanganywa, una haki ya kulia, hata ya kumwona wakili. Lakini mtoto hakutenda kosa lolote. Usimlipishe deni la watu wazima.

Tumkumbuke Yusufu, seremala wa Nazareti. Alijua kwamba mtoto si wake, akampokea, akampa jina na ulinzi. Lakini Yusufu aliambiwa ukweli kwanza. Tusimnyime mtu yeyote nafasi hiyo ya kuchagua kupenda.

Bwana aziponye nyumba zetu. Amina.