Mashine ikate matundu, mkasi abaki nao mtoto

Mwalimu ameagiza kila mtoto apeleke shuleni mfano wa kitu uliotengenezwa kwa karatasi. Mtoto anakumbuka saa mbili usiku. Mkasi haupiti kwenye kona ndogo, mzazi anatoa wembe, na mtoto anashikilia karatasi upande wa pili. Hapo ndipo vidole vinapokatwa.

Siku hizi ipo mashine ndogo ya kukatia karatasi, inayokaa mezani kama printa. Zinazojulikana zaidi ni Cricut na Silhouette, zote za kampuni za Marekani. Katika miji mingi nchini, mafundi wa stika za magari na bodaboda hutumia mashine kubwa zaidi zenye utendaji huohuo. Kwa hiyo mzazi wa Sumbawanga, Laela au Matai hana haja ya kuinunua. Anachopaswa kuamua ni kazi ipi ampe fundi, na ipi ibaki mikononi mwa mtoto.

Inavyofanya kazi

Mchoro huandaliwa kwenye kompyuta au simu. Karatasi hubandikwa juu ya mkeka wa plastiki wenye gundi hafifu, kisha mashine huuvuta mkeka mbele na nyuma huku kisu kidogo kikienda kushoto na kulia kufuata mistari. Ncha ya kisu hutokeza kidogo tu, kiasi cha kupenya karatasi bila kutoboa mkeka. Mstari wa kukunja haukatwi wote; huwekewa vidoa vya kukatika ili karatasi ikunjike vizuri.

Fundi aanze na kipande kidogo cha majaribio, maana manila na karatasi ya daftari hazihitaji nguvu sawa. Umeme ukikatika katikati ya kazi, mara nyingi hulazimu kuanza upya, hivyo nenda na karatasi ya akiba. Kazi ikiisha, geuza mkeka juu chini na uukunje polepole ili karatasi iachie bila kujikunja. Mtoto atazame, lakini asiingize mkono mashine ikiwa inatembea.

Jaribu na lungu

Kabla ya chuma cha dukani, wahunzi wa Kifipa waliyeyusha chuma katika matanuru marefu ya udongo yaitwayo malungu, yenye kimo cha karibu mita 3. Yalipanuka chini na kusinyaa juu, na hewa iliingia yenyewe kupitia matundu ya chini bila kuvukutwa. Umbo hilo ni rahisi kulitengeneza kwa karatasi.

Chukua manila ya ukubwa wa A4. Chora robo ya duara yenye nusu kipenyo cha sentimita 18. Kutoka pembe ileile, chora robo nyingine ya sentimita 6, ambayo itaondolewa. Acha ukingo wa sentimita 1 upande mmoja kwa ajili ya gundi. Ukikunja na kubandika, utapata lungu lenye upana wa sentimita 9 chini na 3 juu.

Mistari mikubwa ya nje mtoto aikate mwenyewe kwa mkasi wenye ncha butu. Matundu madogo ya hewa ndiyo yanayomfanya mzazi atafute wembe. Hayo yapeleke kwa fundi wa mashine, au uyakate mwenyewe mtoto akiwa mbali na meza.

Kwa nini mkasi usiondolewe

Akikata, mtoto hufungua na kufunga mkono mmoja huku mwingine ukigeuza karatasi, na macho yakifuata mstari. Ni mazoezi ya misuli ileile ya kushika penseli na kufunga vifungo vya shati. Kwa kawaida, mtoto wa miaka 3 hukatakata kingo tu, wa miaka 4 huanza kufuata mstari ulionyooka, na wa miaka 5 au 6 huweza duara. Fundi akikata kila kitu, kazi itapendeza lakini mtoto atabaki na kubandika tu.

Gundi nayo ichaguliwe. Ile inayokauka mara moja hunasa vidole na ni hatari machoni. Uji mzito wa unga wa ngano unatosha kwa manila. Katika baridi ya Juni na Julai, usikaushe kazi kwa jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa; moshi usioonekana wa mkaa unaua. Vipande vidogo vizolewe mara moja kama nyumbani kuna mtoto wa chini ya miaka 3, asije akapaliwa. Wembe na visu vilivyochakaa viwekwe kwenye kopo lenye mfuniko kabla ya kutupwa.

Akijikata

Bana jeraha kwa kitambaa safi kwa dakika 10 bila kufunuafunua. Damu ikikoma, osha kwa maji safi na sabuni, kisha lifunike. Usipake majivu, mafuta ya taa wala dawa ya meno.

Nenda kituo cha afya kama damu haikomi, kingo za jeraha zimeachana, kidole kimekufa ganzi au hakikunjiki, au kitu chenye ncha kimegusa jicho. Jicho lisisuguliwe wala kubanwa.

Chukua na kadi ya kliniki. Chanjo ya Penta, inayotolewa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14, ina kinga ya pepopunda. Mhudumu akiiona kadi ataamua kama mtoto anahitaji dozi nyingine. Usisubiri eti kwa sababu jeraha ni dogo: vijidudu vya pepopunda huishi kwenye udongo na samadi, na huingia hata kwenye tundu dogo.