Fahamu: Kwa nini meli za watalii hazisogelei majabali ya barafu Greenland

Kila kiangazi meli za watalii hufika Ilulissat, magharibi mwa Greenland, abiria wakashushiwa boti ndogo kwenda kutazama majabali ya barafu. Yanameguka kutoka Sermeq Kujalleq, mto wa barafu unaoishia kwenye ghuba nyembamba iliyoingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2004. Yale makubwa hukwama mlangoni mwa ghuba, juu ya tuta lililo chini ya maji, mpaka yapungue ndipo yaelee kwenda zake.

Kinachoonekana ni kama sehemu moja tu kati ya kumi, zilizobaki zimezama. Hapo ndipo penye hatari. Maji yakishalila upande mmoja, jabali hupoteza mizani na kupinduka ghafla, likiinua mawimbi yanayoweza kupindua boti. Ndiyo maana manahodha hukaa mbali, hata abiria wenye kamera wakinung'unika. Manahodha wana haki.

Injini ikizimwa, vipande vidogo husikika vikichachatika kama soda: ni hewa ya kale, iliyonaswa theluji iliposhindiliwa, ikitoka. Jabali lililoizamisha Titanic mwaka 1912 inaaminika lilitoka pwani hiyohiyo ya magharibi.