Aveiro: fedha ya mgeni wa siku moja inaangukia wapi?

Treni ya abiria inayotoka Porto huchukua saa moja na ushei kufika Aveiro, na nauli yake haifiki euro 5. Kwa mgeni hiyo ni raha. Kwa mfanyabiashara wa Aveiro ni kero. Mji ulio karibu hivyo haumlazimishi mtu kulala. Anateremka asubuhi, anapanda boti, anakula samaki, ananunua boksi la vitu vitamu, na jua likizama yumo tena ndani ya treni, anarudi alikopanga chumba. Mwaka 2024 nyumba za kulala wageni nchini Ureno zilipokea watu zaidi ya milioni 30. Mgeni wa aina hii yumo katika hesabu hiyo, ila ameandikwa Porto.

Mji huu wenye wakazi wapatao 80,000 una hesabu yake ya kufanya basi: ndani ya saa saba au nane hizo, fedha ya mgeni inamfikia nani, na anabaki na kiasi gani?

Biashara inayoonekana kwanza ni ya boti. Aveiro imekaa ukingoni mwa Ria, ziwa la pwani lenye urefu wa kilomita zipatazo 45, ambamo maji ya mto Vouga hukutana na ya Atlantiki, na mifereji yake inaingia hadi katikati ya mji. Boti za moliceiro ziliundwa kwa kazi ya sulubu: kukokota mwani kutoka chini ya maji na kuupeleka mashambani, ambako ulirutubisha ardhi ya mchanga. Mbolea za viwandani zilipoenea katika karne ya 20, kazi ile ilikufa. Leo boti hizo zinazungusha watalii kwa dakika 45 hivi, kila mmoja akilipa euro kumi na kitu. Mlingoti umeng'olewa ili chombo kipite chini ya madaraja, tanga halipo, injini imefungwa. Kilichosalia ni omo iliyopinda juu na picha zake za rangi kali, nyingine za watakatifu, nyingine za utani usiofaa kusimuliwa mbele ya wakwe. Wala si zote ni moliceiro. Baadhi ni mercantel, vyombo vipana zaidi vilivyokuwa vikibeba chumvi na mizigo, vikapambwa kwa mtindo ule ule. Mtalii hajui, na aghalabu hajali.

Kibiashara, boti hizi zina udhaifu mmoja mkubwa. Wenye boti wote wanauza kitu kile kile, katika mifereji ile ile, kwa bei inayokaribiana, chini ya leseni za manispaa zenye idadi maalumu. Anayeshinda ni mwenye sauti kubwa pale gatini. Aliyewahi kupita Forodhani, Unguja, au gati la Lamu anaijua hali hiyo bila kuelezwa.

Hatua chache kutoka mferejini, katika maduka ya vitu vitamu, mambo ni mengine kabisa. Ovos moles ni viini vya mayai vilivyopikwa ndani ya shira ya sukari hadi vikawa krimu nzito, kisha vikajazwa katika ganda jembamba la unga, la aina ile ile ya hostia ya kanisani, lililofinyangwa umbo la kombe, samaki au pipa. Huuzwa pia ndani ya mapipa madogo ya mbao yaliyochorwa mandhari ya Ria. Malighafi yake ni rahisi hata mtu anashangaa: mayai, sukari, maji, unga. Asili yake ni nyumba za watawa, ambako inasemekana ute wa mayai ulitumika kunyooshea mavazi na viini vikabaki bila kazi. Ureno ilipofuta mashirika ya kitawa mwaka 1834, nyumba za watawa wa kike ziliachwa zife polepole hadi mtawa wa mwisho atakapofariki. Ile ya Yesu mjini Aveiro, alikoishi Binti Mfalme Joana hadi kifo chake mwaka 1490, ilifungwa mwaka 1874, na sasa ni makumbusho. Maarifa ya jikoni yalikuwa yakitoka nje na wanawake waliofanya kazi humo, yakawa mtaji wa familia.

Yangeweza kuishia hapo, kila kiwanda cha Lisbon kikanakili na kuuza kwa bei ya chini. Lakini watengenezaji waliungana katika chama chao, APOMA, wakaandika kanuni za utengenezaji, wakapata ulinzi wa jina la kijiografia wa Umoja wa Ulaya. Tangu hapo, asiyetengeneza ndani ya eneo lililotajwa na kwa kanuni hizo haruhusiwi kuandika "Ovos Moles de Aveiro" kwenye boksi. Bei ya mayai ikipanda duniani, wao huumia kama mwokaji yeyote. Lakini mgeni mwenye saa moja kabla ya treni hataki kulinganisha bei. Anataka kitu chenye jina la mahali alipofika, kinachobebeka, kisichohitaji maelezo. Na kwa kuwa bidhaa hii haikai siku nyingi, haijazi rafu za masoko ya mbali kirahisi. Wengi huona huo ni upungufu. Mimi naona ndio unaolifanya duka la Aveiro liendelee kuwa na maana.

Chumvi ilipaswa kuwa na bahati hiyo, kwani ndiyo biashara kongwe kuliko zote. Wosia wa mwanamke tajiri, Mumadona Dias, wa mwaka 959 unataja mashamba ya chumvi ya hapa, na ndiyo maandishi ya kale zaidi yanayojulikana kuutaja mji huu. Mashamba yaliyokuwa mamia sasa yanahesabika kwa vidole. Majokofu yalipunguza haja ya kuhifadhi samaki kwa chumvi, chumvi ya mashine ikashusha bei, na vijana hawakuona sababu ya kukwangua udongo juani tangu Juni hadi Septemba. Mengine yamegeuzwa mabwawa ya kufugia samaki. Yaliyobaki yanaishi kwa kuuza flor de sal, ile ngozi nyembamba inayoganda juu ya maji, kwa vipakiti vidogo vyenye bei ambayo babu wa mvunaji asingeiamini. Shamba la Troncalhada, linalotunzwa kama makumbusho ya wazi, liko umbali wa kutembea kwa miguu kutoka mjini. Wageni wengi hawafiki. Wameshakaa foleni ya boti.

Kuhusu chakula cha mchana, mgeni huagiza mkunga wa Ria, wa kukaanga au wa mchuzi, ambaye ni ghali na kwa haki: mkunga wa Ulaya yuko katika orodha ya viumbe walio hatarini kabisa kutoweka. Au huagiza bacalhau, ng'onda wa Wareno, samaki ambaye hajawahi kuishi katika maji ya Ureno. Meli za Ílhavo, mji wa jirani, zilimfuata hadi Newfoundland na Greenland, mvuvi mmoja mmoja akishushwa ndani ya kiboti chake peke yake kwenye ukungu. Kanada ilipojitwalia maji ya maili 200 mwaka 1977, enzi hiyo ilisinyaa. Sasa wengi wa samaki hao hununuliwa Norwei. Makumbusho ya Bahari ya Ílhavo yanawaonyesha wakiwa hai katika tangi la maji baridi, na Mreno anaweza kumwona kwa mara ya kwanza akiwa na kichwa.

Ílhavo ndiko pia kilipo kiwanda cha kauri cha Vista Alegre, kilichoanzishwa mwaka 1824 na José Ferreira Pinto Basto. Tangu 2009 kinamilikiwa na kundi la Visabeira. Pembeni yake kuna kijiji cha wafanyakazi, kanisa, makumbusho, duka na sasa hoteli. Wamefanya ambacho Aveiro haijaweza vizuri: mgeni anaona kazi ikifanyika, ananunua, na ana sababu ya kulala.

Tusikuze mambo, hata hivyo. Aveiro haiishi kwa watalii peke yao. Ina chuo kikuu tangu 1973, kiwanda cha vipuri vya magari huko Cacia na kile cha Bosch cha mitambo ya kupasha maji joto, na hao ndio wenye mishahara ya mwaka mzima. Inaweza basi kukataa boti moja zaidi mferejini bila kufa njaa, na kwa maoni yangu ikatae. Fedha ya kuvutia wageni ingefaa zaidi ikienda kwenye mashamba ya chumvi, ambayo yakifukiwa hayarudi.

Msomaji atakayepita huko kiangazi, apange chumba Aveiro na aende Porto kwa siku moja.