Miswada Isiyochapishwa: Kwa Nini Tungoje Hadi 2039?

Tunapofundisha mashairi ya Muyaka wa Mombasa, aliyefariki 1840, hatuna budi kumtaja W. E. Taylor. Mmisionari huyu Mwingereza, akisaidiwa na Mwalimu Sikujua, aliyakusanya na kuyafafanua mashairi hayo mwishoni mwa karne ya 19. Baadhi ya karatasi zake zimehifadhiwa SOAS, Chuo Kikuu cha London. Je, maelezo yake ambayo hayajawahi kuchapishwa ni mali ya nani?

Kwanza, tutenganishe karatasi na hakimiliki. Maktaba huhifadhi mswada, lakini haki ya kuuchapisha kwa kawaida hubaki kwa mwandishi, na akifa hurithiwa.

Taylor alifariki 1927. Kitabu chake cha methali, African Aphorisms, kilichotoka 1891, leo ni huru kwa yeyote. Maelezo yasiyochapishwa sivyo. Zamani sheria ya Uingereza iliyalinda maandishi kama hayo bila kikomo. Sheria ya 1988, iliyoanza kutumika Agosti 1989, iliyapa miaka 50 kuanzia mwisho wa 1989. Kwa hiyo, yale ya waandishi waliofariki kabla ya 1969 yanalindwa hadi mwisho wa 2039, hata kama yaliandikwa karne tatu zilizopita.

Mwaka 2013 Bunge la Uingereza liliipa serikali uwezo wa kuufupisha muda huo. Mwaka 2014 baadhi ya makavazi na maktaba zilionyesha makabati matupu palipostahili kuwa na barua za Vita vya Kwanza vya Dunia, ili kudai mageuzi. Hata hivyo, serikali haikuendelea nayo.

Sheria yetu ya Hakimiliki ya 2001 hulinda kazi ya fasihi kwa miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliofariki mwandishi, iwe imechapishwa au la. Kwa kipimo hicho, maelezo ya Taylor yangekuwa huru tangu mwisho wa 1977.

Wanaopinga mageuzi hutetea mali ya warithi na siri za familia. Hoja hiyo ina uzito kwa barua za juzi. Lakini ufafanuzi wa msamiati wa Kimvita wa kale una siri gani? Mhakiki akikosa ushahidi huo, hubaki kukisia maana, na mwanafunzi hurithi makisio. Kifo cha mwandishi na kiwe kipimo kimoja kwa kazi zote.