Fedha za Mwenzetu Aliyefungwa Ziandikwe Daftarini



Mwenzetu akikamatwa, siku hiyo hiyo orodha ya mchango huanza kuzunguka kiwandani au kwenye shamba la chai. Ni desturi njema, na haikuletwa na chama. Wazee wetu walikuwa na neno lake, kugemura, yaani kumpelekea chakula mtu aliye mbali na jiko lake, awe hospitali, shuleni au gerezani. Lakini michango mingi haimfikii anayechangiwa. Ndiyo maana tunataka kueleza njia ya fedha hizi, hatua kwa hatua.

Zamani gereza la Kigali lilikuwa katikati ya mji, lile tunaloliita 1930 kwa sababu ya mwaka lilipojengwa. Mama alitoka Biryogo na kapu lake, akafika kwa miguu. Baada ya mwaka 1994 magereza ya nchi yalijaa watu zaidi ya laki moja, na kapu hilo likawa ndilo uhai wa wengi. Kati ya mwaka 2016 na 2018 wafungwa wa 1930 walihamishiwa Mageragere, kupita Nyamirambo, mahali ambapo maskini hafiki bila nauli. Mfungwa hula chakula cha gereza, mahindi na maharagwe, na chakula cha kutoka nje kimebanwa. Basi fedha zimechukua nafasi ya kapu. Na fedha, ndugu zetu, hazina harufu ya jiko la mtu. Zikiingia mfuko mwingine hakuna atakayezitambua.

Tuanze na siku za mwanzo. Mtu aliyekamatwa haendi gerezani moja kwa moja. Kwanza yuko kituoni, mikononi mwa wapelelezi wa RIB, ambao kwa sheria ya mwaka 2019 wanaweza kumshikilia siku 5. Kisha mwendesha mashtaka, kisha jaji, ambaye anaweza kuamuru akae ndani siku 30 kesi ikiendelea kuchunguzwa, na siku hizo huweza kuongezwa. Akiwa kituoni msimpelekee fedha. Mpelekeeni chakula na nguo, na mtafutieni mtu wa kumweleza haki zake. Fedha mliyochanga itunzwe na mweka hazina wa tawi mpaka ijulikane yuko gereza gani.

Akishafika gerezani, au igororero kama sheria ya mwaka 2022 inavyoliita, hashiki noti mkononi. Fedha huwekwa kwa jina lake, naye hununua vitu kwenye kantini ya ndani: sabuni, sukari, kandambili. Umoja wa Mataifa una kanuni za kuwatunza wafungwa, zilizotungwa Geneva mwaka 1955, zikarekebishwa mwaka 2015 na kupewa jina la Nelson Mandela. Kanuni ya 67 inasema fedha ambazo mfungwa haruhusiwi kukaa nazo zitunzwe salama, ziandikwe, naye atie sahihi kwenye orodha. Na fedha zinazomjia kutoka nje zitendewe vivyo hivyo. Hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Fedha isiyoandikwa si fedha ya mfungwa. Ni fedha ya yule aliyeibeba.

Kwa hiyo ulizeni ofisi ya gereza lenyewe namna ya kuweka fedha, na ulizeni ana kwa ana, si kwa namba uliyopewa njiani. Andikeni majina yake yote na namba 16 za kitambulisho. Jambo hili linadharauliwa mno. Sisi hapa Rwanda hatuna jina la ukoo. Ndugu wawili wa tumbo moja wana majina tofauti, na watu wasiojuana wana majina yale yale. Katika gereza lenye maelfu ya watu hamtakosa Habimana wengi. Risiti irudi tawini ibandikwe kwenye daftari la mchango, kila mtu aione. Mwenzetu akisema hakupata kitu, tutakuwa na pa kuanzia.

Sasa wale tunaowaita abatekamutwe. Tangu Mobile Money ilipofika nchini mwaka 2010, wezi hawana haja ya kuvunja mlango. Simu inalia usiku: mumeo anaumwa sana, tuma fedha ya dawa sasa hivi, au, jaji amekubali kumwachia, imebaki faranga kadhaa tu. Kule Kenya jina la gereza la Kamiti limekuwa mfano wa utapeli wa simu wa namna hiyo. Mke wa mfungwa ana hofu, na mwenye hofu hutuma. Mwambieni mapema kwamba faini ya mahakama hulipwa serikalini kwa risiti, na kwamba aliye mgonjwa huulizwa gerezani kabla ya kutuma hata faranga 100. Anayeomba fedha ya kumlainisha jaji anaomba hongo, na hongo huongeza mfungwa wa pili katika nyumba.

Kiasi gani? Hapa tunatofautiana na baadhi ya wenzetu. Wafanyakazi 40 wakitoa faranga 500 kila mmoja, ni faranga 20,000. Wengi hutaka zote ziende gerezani mara moja, kuonyesha upendo. Sisi tunasema faranga 5,000 zinamtosha kwa sabuni na sukari, na 15,000 ziende kwa mkewe, kwa kuwa mshahara umekatika, na kodi ya nyumba na mutuelle havingoji hukumu. Mwezi ujao tuchange tena. Mwajiri naye akumbushwe: siku alizofanya kazi kabla ya kukamatwa ni zake, na zilipwe.

Akihamishwa, tuseme kutoka Nyarugenge kwenda Rwamagana au Bugesera, ulizeni kwanza kama salio lake limemfuata ndipo mtume nyingine. Na akiachiliwa, Kanuni ile ile ya 67 inataka arudishiwe fedha zilizobaki na vitu vyake, naye atie sahihi kwamba amepokea. Mwambieni ahesabu kwanza, ndipo atie sahihi.