Mashine ya duara inayofuma fulana, soksi na nguo za wagonjwa

MGONJWA aliyevunjika mkono anapofikishwa katika hospitali kubwa za mtaa wa Parklands, Nairobi, kama vile Aga Khan na M.P. Shah, huenda asitambue kitu cha kwanza anachovalishwa. Kabla ya plasta ngumu kuzungushwa, mkono huingizwa ndani ya mfuko laini wa pamba unaofanana na soksi iliyokatwa ncha. Mfuko huo huikinga ngozi isichubuliwe na plasta, nao hauna mshono popote.

Hakuna fundi aliyeushona. Ulitoka kwenye mashine ukiwa tayari bomba, sawa na soksi na fulana nyingi zinazouzwa Diamond Plaza au kwenye vibanda vya mitumba vya Ngara.

Nguo hufumwa kwa njia kuu mbili. Katika ile ya kwanza, nyuzi za mtande hupishana na za mshindio, na hivyo ndivyo kanga, shuka na suruali za jinzi hupatikana. Kitambaa cha aina hiyo hakivutiki sana. Katika ile ya pili, uzi hukunjwa kuwa vitanzi, kila kitanzi kikipita ndani ya mwenzake, jinsi akina mama wafumavyo sweta kwa vijiti. Kitanzi kikivutwa hupanuka, kikiachwa hurudi. Ndiyo sababu fulana hupita kichwani bila vifungo.

Kazi hiyo ilianza kufanywa kwa mashine mwaka 1589, wakati William Lee wa Calverton, Uingereza, alipobuni mtambo wa kufuma soksi. Mtambo wake ulikuwa bapa, hivyo kitambaa kilihitaji kuunganishwa kwa mshono. Mwaka 1816 mhandisi Marc Brunel, mzaliwa wa Ufaransa aliyehamia Uingereza, alipata hataza ya mashine iliyopanga sindano kwa mduara. Miongo mitatu baadaye Matthew Townsend wa Leicester akaleta sindano yenye kilimi kidogo kinachojifunga na kujifungua chenyewe, na sindano hiyo ndiyo inayotumika mpaka leo.

Mashine ya kisasa ni silinda ya chuma yenye mifereji iliyosimama wima, na ndani ya kila mfereji mna sindano moja. Silinda inapozunguka, sindano hupanda, hunasa uzi, kisha hushuka na kuuvuta ndani ya kitanzi cha zamani. Mashine ya kitambaa cha fulana yenye kipenyo cha inchi 30 na sindano 28 kwa kila inchi huwa na sindano zipatazo 2,640. Ile ya soksi ni ndogo. Kipenyo chake ni kama cha kikombe kikubwa, na sindano zake mara nyingi hazizidi 200.

Nakshi za kitambaa hutokana na uamuzi mdogo sana. Kila sindano inaweza kufanya moja kati ya mambo matatu: kukamilisha kitanzi, kupokea uzi mpya bila kuachilia ule wa zamani, au kuruka kabisa. Yale matundu madogo ya fulana za polo, ambazo shule nyingi huzitumia kwa michezo, hutokana na sindano kuruhusiwa kulimbikiza nyuzi. Seti ya pili ya sindano ikiongezwa juu ya silinda hupatikana kitambaa cha mistari iliyoinuka, kile cha shingoni na mikononi mwa nguo. Vitanzi virefu vikiachwa wazi upande mmoja, hutokea soksi nzito za michezo zenye sura ya taulo kwa ndani.

Soksi ina ugumu wake, kwani mguu una kona. Mashine inapofika kisiginoni huacha kuzunguka na kuanza kwenda na kurudi nusu duara tu. Sindano huondolewa kazini moja moja, kisha hurejeshwa moja moja, na kitambaa hujikunja kuwa kifuko cha kisigino. Ni ufundi wa kustaajabisha kwa kitu ambacho mtu hukivua na kukitupa chini ya kitanda.

Ufundi huo huo una uzito zaidi katika soksi za kubana ambazo madaktari huagiza kwa wenye mishipa iliyovimba miguuni, au kwa waliofanyiwa upasuaji na kulala muda mrefu. Soksi hizi hubana zaidi kwenye kifundo cha mguu na kulegea kadiri zinavyopanda, ili damu isukumwe kurudi juu. Mashine hulifanikisha hilo kwa kubadilisha ukubwa wa vitanzi hatua kwa hatua na kupitisha uzi wa mpira katikati yake.

Hapo ndipo mnunuzi anapopaswa kuwa mwangalifu. Soksi ya kubana si ya kuchaguliwa kwa macho dukani. Mguu hupimwa, na ni bora upimwe asubuhi kabla haujavimba. Soksi ndefu kupita kiasi ikikunjwa juu hugeuka kamba inayoziba damu iliyokusudiwa kusaidiwa. Aidha, mtu ambaye mishipa inayopeleka damu miguuni imeziba vibaya anaweza kudhurika akiivaa bila ushauri wa daktari.

Kuna pia lalamiko la kawaida kwamba fulana ikifuliwa mara chache, upande wake huzunguka mpaka tumboni. Lawama hutupiwa sabuni. Ukweli ni kwamba uzi uliosokotwa sana hutaka kujisokotoa, na vitanzi vyake huinama. Tena mashine kubwa huweza kulishwa nyuzi 90 kwa wakati mmoja, kwa hiyo mistari hupanda kama ngazi ya kuzunguka badala ya kulala sawa. Kiwanda chenye haraka hukinyoosha kitambaa kwa nguvu kabla ya kukikata, nacho hurejea mahali pake kikiguswa na maji.

Sweta nyingi za shule nchini hazitoki kwenye mashine hizi, bali kwenye zile bapa za karakana ndogo, ambapo mgongo, kifua na mikono hufumwa mbalimbali na kuunganishwa. Kuhusu fulana za kuuzwa ng'ambo, sheria ya Marekani ya AGOA, iliyoanza mwaka 2000, iliruhusu nguo zilizoshonwa Kenya kuingia huko bila ushuru hata kama kitambaa kilinunuliwa nchi nyingine. Viwanda vya Athi River vilipata kazi ya kukata na kushona kwa maelfu ya watu, lakini vitambaa vingi vililetwa kutoka Asia vikiwa vimekwisha kufumwa.