Neno "Park": Ua, Bustani au Hifadhi?

Miongoni mwa maneno ya kigeni yanayomtatiza mfasiri ni neno *park*. Kwa sura ni neno fupi, nalo hupatikana katika lugha nyingi za Ulaya. Lakini maana zake hazilingani kila mahali. Makala haya yanakusudia kueleza asili ya neno hilo, jinsi maana zake zilivyoachana, na namna Kiswahili kinavyozieleza dhana zake.

1. Asili ya neno

Kilatini cha Zama za Kati kilikuwa na neno *parricus*, yaani mahali palipozungushiwa ua. Humo ndimo lilimotoka neno la Kifaransa *parc*, ambalo Waingereza walilichukua. Huko Uingereza, *park* ilikuwa ardhi iliyozungushiwa ua kwa idhini ya mfalme ili wanyama wa kuwindwa wawekwe humo. Kwa hiyo kiini cha neno ni ua, wala si miti wala wanyama. Kiini hicho chaonekana hata leo: Kijerumani kina *Pferch*, zizi la kondoo, Kiholanzi kina *perk*, tuta la maua, na Kifaransa huita *parc* hata mahali pa kufugia chaza.

2. Maana zilivyoachana

Baadaye neno lilihamia kwenye bustani za kupumzikia mijini. Jeshini nako lilitumika kwa mahali pa kupanga mizinga na magari ya jeshi, na kutokana na matumizi hayo Kiingereza kikapata kitenzi cha kuegesha. Kiitaliano kimezitenga dhana hizo mbili: *parco* ni bustani, *parcheggio* ni maegesho. Marekani ilipolitenga eneo la Yellowstone mwaka 1872, maana nyingine ikaongezeka: ardhi ya asili inayolindwa na taifa. Hapo ua wa miti uligeuka kuwa ua wa sheria.

3. Kiswahili

Kiswahili hakikuchukua neno moja kwa dhana zote hizo, bali kimezigawa. Tuna *bustani*, tuna *maegesho* (ingawa mitaani watu husema *kupaki*), na tuna *hifadhi*. Hili la mwisho ni la asili ya Kiarabu, lenye maana ya kulinda na pia ya kukariri. Ndiyo maana husemwa kwamba mtu amehifadhi Kurani. Neno la Ulaya lilianzia kwenye mpaka. La kwetu limeanzia kwenye ulinzi.

*Mbuga*, kwa upande wake, ni tambarare ya nyasi. Hilo ni umbo la nchi, si hadhi ya kisheria. Tambarare ya Mkata iliyomo Mikumi ni mbuga. Mlima Malundwe si mbuga, ingawa nao umo katika hifadhi hiyo hiyo.

4. Kwa nini tofauti hizi zina uzito

Kwa mkazi wa Ruaha au Mikumi, wilayani Kilosa, jambo hili si la kamusi tu. Ndani ya *hifadhi ya taifa* haruhusiwi kulima, kuchunga wala kuwinda. Katika *pori la akiba* uwindaji huweza kuruhusiwa kwa leseni. Ngorongoro, iliyotengwa na Serengeti mwaka 1959, iliwekwa chini ya sheria iliyowaruhusu wafugaji kuishi humo. Nayo pia huitwa hifadhi. Mwaka 2019 sehemu kubwa ya Pori la Akiba la Selous ilifanywa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Ardhi ni ile ile na wanyama ni wale wale. Kilichobadilika ni istilahi, na pamoja nayo haki za watu.

5. Mapendekezo

(a) Katika hati na matangazo ya serikali, *hifadhi* isiachwe peke yake. Aina yake itajwe kwa ukamilifu.

(b) *Mbuga* itumike kwa umbo la nchi, isishike nafasi ya *hifadhi ya taifa*.

(c) Jina la mahali lifafanuliwe. Hifadhi ya Taifa ya Ruaha haiko Ruaha ya Kilosa. Msomaji wa huko jirani yake ni Mikumi.

Mfasiri asiulize tu neno hili huitwaje, bali aulize pia linamruhusu nani kufanya nini.